Alasiri Niliyokaa na Simu ya Baba

Ijumaa ile mama alinipa vitu viwili jikoni: chombo cha plastiki chenye chapati nne na nyama ya kukaanga, na simu ya baba. Alivitia mwenyewe ndani ya mkoba wangu wa shule, akafunga zipu, halafu akanishika mabega kama anavyonishika kabla ya mtihani.

"Mtembeze baba yako kule kwenye reli yenu. Mrudi saa kumi na moja na nusu, si kabla. Na awe ameshakula."

"Simu ikilia?"

"Akipiga msimamizi wake wa kazi, mpe. Mwingine yeyote, hukusikia."

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa amefariki asubuhi hiyo Muheza. Baba alikuwa hajui. Alikuwa ameenda kuswali Ijumaa na simu ameiacha kwenye chaji, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni wakati baba mdogo alipompigia mama. Kwetu mtu aliye mbali hapigiwi yeye mwenyewe. Anapigiwa mke, jirani, au mtu wa nchi moja naye, kisha hao ndio hukaa naye, humlisha, humzunguka, na mkubwa wao huanza polepole kwa kusema mgonjwa hali yake si nzuri. Hapa Doha desturi hiyo imekuwa kali kuliko hata nyumbani, kwa sababu kuna mwenzetu mmoja, dereva kama baba, aliyepewa msiba kwa simu akiwa kwenye usukani. Alipona, lakini mguu wake mmoja haukunjiki. Na baba ana presha.

"Shemeji," baba mdogo alikuwa akisema, sauti yake inajaa jiko zima, "tunazika baada ya Alasiri, saa kumi. Kaka aliniomba siku hiyo ikifika nimuweke kwenye simu makaburini. Huyu ni mama yake."

"Na huyu ni mume wangu," mama akajibu. "Wazee wanatoka kazini saa kumi na moja. Watakuja hapa, watamwambia akiwa amekaa. Usithubutu kumpigia."

Nilitakiwa kusema neno pale. Mwaka jana, tukiwa tunatembea kwenye reli hiyohiyo, baba alikuwa ameniambia jambo ambalo nadhani hakumwambia mama kikamilifu. Babu alipokufa, yeye alipewa habari kesho yake, babu keshalala ardhini usiku mzima. Alishukuru watu, akapokea ubani wa fedha uliochangwa, akarudi kazini. Lakini kwenye reli alisema: "Ya mama yangu nisifichwe. Kama siwezi kushika udongo, basi niusikie ukianguka." Kisha akacheka, akasema nisiandike kwenye daftari langu. Nikaandika.

Sikusema. Mimi si mtu wa kusema. Shuleni mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalo, moyo unaanza kwenda mbio na mkono unabaki mezani. Jikoni siku ile ilikuwa hivyohivyo. Nilivaa viatu.

Tunaishi Al Sadd, chumba na sebule katika jumba la zamani lililogawanywa, na kutoka hapo tulipanda metro hadi Lusail, mwisho wa njia. Tuliswali Alasiri kwenye msikiti mdogo karibu na kituo. Doha huadhini Alasiri mapema kuliko Muheza, lakini saa zetu na za kwao ni zilezile. Saa kumi yetu ndiyo saa kumi yao. Hilo ndilo lililokuwa likinizunguka kichwani nilipotoka upande wa wanawake. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

"Simu yangu?" baba akauliza.

"Ninayo mimi."

"Basi kaa nayo. Leo nataka mikono mitupu."

Akaifunga mikono nyuma ya mgongo, mwendo wake wa siku ya mapumziko, tukaanza.

Reli tunaiita reli, ingawa vyuma vyenyewe vilishang'olewa. Wakati mji ule ukijengwa palikuwa na kitreni cha kubeba mawe, na baba, mwaka wake wa kwanza hapa kabla hajapata kazi ya udereva wa hoteli, alikuwa akiendesha boza la maji sambamba nacho, kulaza vumbi. Kazi ilipokwisha wakachukua vyuma wakaacha tuta la kokoto na mataruma, yale magogo ya zege ya kulalia vyuma, moja baada ya jingine, hadi kwenye ukuta ambako njia inakufa. Kushoto kuna majengo marefu ambayo mengine hayajapata watu. Kulia hakuna kitu.

Ulikuwa mwezi wa tatu, zile wiki chache ambazo baridi imeondoka na joto la kufungia watu ndani halijafika. Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili, na kati ya kokoto vilichipua vimaua vya njano vidogo kama vifungo vya shati. Siku nyingine ningechuma kimoja nikakiweka daftarini. Lakini siku hiyo vumbi lilikuwa limetanda tangu asubuhi, jua limepauka hata unaweza kulitazama, na yale majengo yalionekana nusu, chini yapo, juu hayapo. Hakukuwa na upepo. Nilisikia kokoto tu chini ya viatu vyetu.

Kwenye kizuizi cha kuingilia alikuwepo mlinzi wa Kikenya ambaye baba anamfahamu.

"Mzee! Leo mko na mguu."

"Tunapunguza tumbo, kijana wangu."

"Punguzeni tu, lakini msifike kule kwa ukuta. Kuna mbwa wamezaa. Jana walimfukuza jamaa wa usafi hadi akaacha kiatu."

"Akaenda kukichukua?"

"Aende wapi? Kiko hukohuko. Hao mbwa ndio wamekivaa sasa."

Baba alicheka sana. Mimi nilitazama saa ya kibanda chake. Tisa na nusu.

Tulitembea. Baba huhesabu mataruma, si kwa sauti, ila ukimsemesha katikati hukasirika kidogo kisha huanza upya. Alikua pembeni mwa reli, nyumba yao ilikuwa hatua chache tu kutoka stesheni ya Muheza, na bibi alikuwa akiuza machungwa kwa abiria. Hadithi hiyo ninaijua kama jina langu. Jina langu lenyewe ni la bibi. Ndiyo maana baba haniiti kwa jina, huniita mama.

"Treni haisimami sana, unajua, mama," akaanza. "Dakika chache. Yeye alikuwa anayamenya kabla, anaacha ngozi nyeupe ile isidondoshe maji, anayapanga kwenye ungo. Treni ikiingia, yeye hakimbii. Wenzake wote wanakimbia, wanapigana vikumbo. Yeye anasimama pale ambapo anajua behewa la tatu litasimama. Na linasimama!"

"Alijuaje?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Kwani we hujui mlango wa nyumba yenu uko wapi?'"

Simu ikatetemeka mgongoni mwangu.

Mama alikuwa ameiondoa sauti, lakini kwenye mkoba ule mtetemo uligonga chombo cha chapati, ukatoa mlio kama nyuki ndani ya kopo. Nikakohoa. Baba alikuwa bado kwenye behewa la tatu. Nilibaki nyuma nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikafungua zipu. Kwenye kioo: "Mdogo Muheza." Baba mdogo alikuwa ameamua kutomsikiliza mama. Nilitazama jina lile mpaka likazimika lenyewe.

Tisa na dakika arobaini na tatu.

Nilipomfikia baba alinitazama. "Umechoka?"

"Hapana."

"Mbona umepauka? Au kuna jambo shuleni? Kama kuna mvulana niambie mapema, nijue namchukia kuanzia leo au kesho."

"Hakuna, baba."

"Basi unataka simu mpya. Maana leo umekubali kutoka bila kuvutwa."

Nilicheka kicheko kibaya. Nilijisikia kama mtu aliyepewa maji mdomoni na kuambiwa asimeze wala asiteme. Niliamua kuwa nitasema tukifika kwenye nguzo ya uzio iliyoinama. Tukafika. Nikaamua nitasema kwenye nyingine.

Mbwa tuliwaona hapo. Watatu, rangi ya mchanga, hawakubweka. Walikuwa upande wa kulia, mbali kidogo, na kila tulivyokwenda walikwenda, kichwa chini, kwa mwendo wetu. Baba aliokota jiwe akalishika tu. "Usikimbie wala usiwatazame machoni," akasema. "Mbwa anajua mwenye kuficha woga." Nikatazama viatu vyangu.

Simu ikatetemeka tena. Safari hii nilitia mkono ndani ya mkoba bila kusimama, nikapapasa, nikabonyeza pembeni, ikakatika. Ikaanza tena papo hapo. Nikabonyeza. Mara ya nne niliitoa nusu nikaona jina lilelile, kidole changu kikaenda kwenye duara jekundu. Nataka kuandika kwamba sikufikiri, lakini nilifikiri. Nilifikiri mama atasema nini. Nilifikiri baba akianguka hapa, mimi na mbwa watatu, nitampigia nani, na nitasema nini kwa watu nisiowajua, kwa Kiingereza. Nilifikiri pia, na hili ndilo linaloniaibisha, kwamba nikikata sitalazimika kusema kitu.

Baada ya hapo haikutetemeka tena. Nilikuwa nimeomba inyamaze na iliponyamaza nikaanza kuisubiri. Nilihesabu mataruma mia moja na kumi. Hakuna kitu. Nilijua maana yake: baba mdogo ameitia simu mfukoni kwa sababu mikono yake sasa ina kazi.

Tulifika ukutani. Kiatu cha yule mtu wa usafi kilikuwepo kweli, kimoja, kimejaa vumbi, kamba zake bado zimefungwa. Mbwa walikuwa wamekaa chini, mbali, wanatungoja. Baba akaketi kwenye taruma la mwisho, akanyoosha miguu, akasema Alhamdulillahi.

Nikakumbuka agizo la pili la mama. Nikatoa chombo, nikafungua kifuniko, nikamwekea mapajani.

"Chapati!" Akachukua moja, akaikunja. "Mama yako leo kaamkaje? Mimi nimemuoa miaka kumi na minane, sijafungiwa chakula cha matembezi hata…"

Hapo akaacha kusema.

Chapati ilikuwa karibu na mdomo. Aliishusha. Alitazama chombo, akatazama mkoba wangu, kisha akatazama mikono yake mitupu.

Baba ndiye huitwa mwenzetu akifiwa. Anaendesha vizuri, ana sauti ya chini, hivyo hutumwa yeye kwenda kumchukua mtu Wakra au Msheireb na kumleta mahali ambapo wazee wamekaa. Nimewahi kumsikia akimfundisha kijana mmoja mgeni: hakikisha simu hana yeye, unayo wewe, muulize kama amekula, kama hajala mlishe, zungumza mambo ya nyumbani. Mama alikuwa amemfanyia baba kila kitu ambacho baba huwafanyia watu, kwa mpangilio uleule, na hakuna aliyefikiri kwamba yeye angekitambua.

"Mama yako kasema nile kwanza?"

"Ndiyo."

"Simu umekatazwa kunipa?"

"Ndiyo, baba."

Alirudisha chapati ndani ya chombo. Alibonyeza kifuniko pembe zote nne, taratibu, kila moja ikatoa mlio.

"Ni mama?"

Niliinamisha kichwa.

"Inna lillahi," akasema, na hakumalizia. Kisha, "Wanazika saa ngapi?"

"Saa kumi."

Akatazama saa yake ya mkononi. Mimi sikuhitaji kutazama. Ilikuwa kumi na dakika ishirini na kitu. Akanyoosha mkono bila kuniangalia, nikampa simu.

Baba mdogo alipokea kabla haijalia mara mbili. Baba aliweka spika. "Kaka," sauti ikatoka, na nyuma yake pikipiki zinawashwa, "kaka nimekupigia mimi, nimekupigia…"

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza. Dua imesomwa. Watu wanaondoka."

"Aliingia nani kaburini?"

"Mimi. Na mtoto wa shangazi."

"Ilikuwa niingie mimi."

"Ilikuwa uingie wewe, kaka."

Mimi mtoto wa kwanza wa mtoto wa kwanza, nilisimama pale nimeshika mikanda ya mkoba.

"Kuna mtu amebaki hapo?" baba akauliza.

"Mzee anayesawazisha tu."

"Basi iweke simu chini. Karibu naye. Usiseme kitu."

Tukasikia upepo. Tukasikia kuku, wa nyumba ya jirani na makaburi nadhani. Halafu sepetu: inakwaruza, inapigapiga, inakwaruza. Udongo wa Muheza ni mwekundu na siku hizo ulikuwa na maji, ulitoa sauti nzito, ya kunata. Mara saba au nane. Baba alikuwa ameinama na sikio lake juu ya simu ingawa spika ilikuwa imewashwa. Mkono wake wa kushoto ulishuka ukachota kokoto na vumbi kati ya miguu yake, ukakaa nalo, kisha akafungua vidole akaliacha, akajipangusa kwenye suruali.

Simu ikakatika. Salio la baba, au mtandao. Hakupiga tena.

Nilimtazama usoni nikitafuta ile presha. Sijui inaonekanaje. Aliona.

"Siangukii hapa," akasema. "Simama, mbwa wasije wakadhani tunagawa chakula."

Njia ya kurudi hakuhesabu kitu. Jua lilikuwa limeingia ndani zaidi ya vumbi, majengo yote yamekuwa rangi moja na anga. Mbwa walitufuata mpaka kizuizini, wakasimama. Mlinzi alitupungia mkono, akafungua mdomo aseme utani, akaufunga.

Kwenye jukwaa la metro baba akaniuliza wazee wameitwa saa ngapi. Nikamwambia.

"Nani amepewa kusema?"

"Yule mzee wa Kipemba."

"Ah. Huyo hulia yeye kwanza, mfiwa ndiye humbembeleza." Alitabasamu upande mmoja. Kisha akasema: "Sikia, mama. Ukiingia, mimi sijui kitu. Watu wametoka kazini wamevunjika migongo, wamekaa kunisubiri. Waache wafanye walichokuja kufanya. Na mama yako asijue kwamba imekushinda."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mama tangu ukutani, na niliona alivyolimeza neno baada ya kulitoa.

Ndani ya behewa aliifungua simu. Nilikuwa nimekaa kando yake, niliona orodha. Simu ya kwanza ya baba mdogo haikupokelewa. Tatu zilizofuata zilikatwa. Alama ya kukatwa ni tofauti, haihitaji kueleza.

"Hizi?"

"Mimi, baba."

Kulikuwa na Wahindi wawili mbele yetu wanacheka na mtoto wao. Baba aliwatazama kwa muda. Saa tisa na dakika hamsini na nane, ya mwisho. Angeweza kuwepo toka mwanzo: tangu mwili unateremshwa, tangu jina la bibi linatajwa, jina langu. Hakusema hivyo. Aliitia simu mfukoni mwake na tangu siku ile, hata siku za mapumziko, hata akienda kuoga, hajanipa tena kuishika.

Tulipofungua mlango viatu vya wanaume vilikuwa vimejaa ukumbini. Sebuleni watu kumi hivi, mkekani, wakanyanyuka. Wakampisha nafasi katikati, mgongo ukutani. Yule mzee wa Kipemba akamshika mkono, akamuuliza habari za matembezi, akamuuliza kama njia ilikuwa na vumbi.

"Vumbi lipo," baba akasema.

"Bwana, nyumbani wamepiga. Bimkubwa wako hali yake imebadilika kidogo."

"Imebadilikaje, mzee wangu?"

Aliuliza vizuri. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, akainua na nyusi, na midomo ya yule mzee ikaanza kutetemeka. Nilisimama kwenye pazia la jikoni. Mama akaja nyuma yangu, mtandio ameushika kidevuni, akaninong'oneza sikioni:

"Alikula?"

Aliuvua mkoba mgongoni mwangu yeye mwenyewe, akafungua zipu, akainua kifuniko. Chapati zilikuwa nne, moja imekunjwa. Alizitazama. Kisha akainua macho akamtazama baba, ambaye wakati huo alikuwa amemkumbatia mzee wa Kipemba na kumpigapiga mgongo, anamwambia, "Nyamaza, mzee wangu, nyamaza, ni kazi ya Mungu," na macho yake makavu yakavuka juu ya bega la yule mzee, yakakutana na ya mama.